Muulize Shangazi: Cuomo wa chama, Mamdani wa binti

Barua za mwezi huu karibu zote ni za jambo moja. Jumanne, tarehe 24 Juni 2025, wanachama wa Democratic jijini New York wanapiga kura ya mchujo kuamua nani awe mgombea wao wa umeya. Kura za mapema zilianza tarehe 14 na zinafungwa Jumapili hii, tarehe 22. Majibu haya nimeyaandika Alhamisi ya tarehe 19, kwa hiyo mgombea atakayejitoa au kutiwa pingu kesho msinidai. Barua za wakwe na mahari zitasubiri mwezi ujao.

*Shikamoo Shangazi. Natunza wazee majumbani, na chama chetu cha wafanyakazi kimetangaza kumuunga mkono Cuomo. Binti yangu wa chuo hataki hata kumsikia, kutwa ni Mamdani, Mamdani. Baba yake anasema mtoto wa miaka 33 hawezi kuendesha jiji hili. Chakula cha jioni siku hizi kinaliwa kwa ugomvi. Na karatasi yenyewe ina majina 11 na nafasi tano! Nifanyeje? — Mama wa Watatu, Bronx*

Marahaba mdogo wangu. Hao wawili waambie wagombane wao kwa wao. Pale kwenye kibanda cha kura utaingia peke yako.

Chama chako hakikukurupuka. Andrew Cuomo alipokuwa gavana wa jimbo ndiye aliyesaini, mwaka 2016, sheria ya kupandisha kima cha chini cha mshahara hadi dola 15 kwa saa, na sisi wa kazi hizi tuliiona kwenye hundi. Uwanja wa ndege wa LaGuardia, ambao zamani ulikuwa unaona haya kumpokelea mgeni, ulijengwa upya wakati wake. Anajua Albany, makao makuu ya jimbo, mlango upi unafunguliwa na nani. Hayo ni yake, tusimnyime.

Lakini wewe ni mtunza wazee. Tarehe 25 Machi 2020 serikali yake iliagiza nyumba za wazee zisimkatae mgonjwa kwa sababu tu ana korona. Januari 2021 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Letitia James, akatoa ripoti kwamba vifo vya wazee wa nyumba hizo huenda vilipunguzwa kwenye hesabu za jimbo kwa hadi asilimia 50. Agosti mwaka huohuo ripoti nyingine ya ofisi hiyo ikasema aliwanyanyasa kingono wanawake 11. Alikana, na anakana mpaka leo, lakini alijiuzulu. Mimi masika ile nilikuwa nakwenda kwa bibi mmoja wa Kingsbridge nikiwa nimejivika mfuko wa takataka juu ya nguo, maana wakala aliyenituma hakuwa na gauni la kujikinga la kunipa. Hilo agizo siwezi kulisoma kama habari ya gazetini. Wewe mwenyewe unajua ulikuwa wapi na ulimzika nani. Viongozi wa chama wana hesabu zao za mikataba ya kesho na wewe una zako, na hakuna atakayekunyang'anya kadi ya uanachama kwa kura ya siri.

Sasa huyo wa binti. Zohran Mamdani amekuwa mjumbe wa bunge la jimbo, akiwakilisha Astoria, tangu 2021. Anaongea vizuri na vijana wamemfuata kwa maelfu, milango inagongwa hadi ghorofa za juu kabisa ambako hata mleta pizza hufika akinung'unika. Ila mumeo naye hajasema uongo. Huyu kijana hajawahi kuongoza ofisi kubwa, na sheria alizozipitisha kule Albany zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Jiji hili lina bajeti ya zaidi ya dola bilioni 110 na wafanyakazi kama 300,000. Binti yako akikuambia hilo si kitu, mwambie Shangazi kasema ni kitu. Muulize pia ni nani Mamdani atamweka kuendesha mambo, maana meya hazoi taka mwenyewe, anamteua wa kuzizoa.

Kuna kosa moja nyote watatu mnalifanya mezani kwenu, la kudhani kuna watu wawili tu. Yupo Brad Lander, mkaguzi mkuu wa hesabu za jiji, mtu wa makabrasha na ukaguzi. Juzi Jumanne maafisa wa serikali kuu walimkamata kwenye jengo la mahakama ya uhamiaji kule Manhattan. Alikuwa amemshikilia mhamiaji mmoja aliyekuwa akikamatwa, huku akidai aonyeshwe hati ya jaji, na waliachana naye baada ya saa chache. Yupo Adrienne Adams, Spika wa Baraza la Jiji, ambaye hana undugu wowote na meya Eric Adams, mnaniuliza kila siku. Yupo Zellnor Myrie, seneta wa jimbo kutoka Brooklyn, aliyekuja na mpango wa nyumba milioni moja. Scott Stringer alikuwa mkaguzi wa hesabu kabla ya Lander. Wengine utawasoma kwenye karatasi. Jessica Ramos jina lake bado limo, lakini mwanzoni mwa mwezi huu alitangaza kuwa yuko na Cuomo, kwa hiyo usije ukampa ukidhani unampinga Cuomo.

Hizo nafasi tano ni hivi. Ukimtuma mtoto sokoni unamwambia: lete changu, changu hakuna lete kibua, kibua hakuna lete dagaa. Karatasi ni hivyohivyo. Kura za nafasi ya kwanza zinahesabiwa. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho anatolewa, na waliompa yeye kura zao zinahamia kwa aliyefuata kwenye karatasi zao. Inakwenda hivyo mpaka wabaki wawili. Kumweka mtu wa pili hakumpunguzii wa kwanza hata chembe, maana wa pili haangaliwi mpaka wa kwanza awe ametolewa. Kumwandika mtu mmoja nafasi zote tano nako hakumwongezei kitu, ni kupoteza wino.

Kwa nini ujaze zote? Kwa sababu ya mchujo wa 2021. Eric Adams alimshinda Kathryn Garcia kwa kura 7,197 katika jiji zima, na karatasi zaidi ya 140,000 zilikuwa zimeishiwa majina kabla ya raundi ya mwisho. Watu walitoka nyumbani, wakapanga foleni, na fainali ilipochezwa kura zao hazikuwamo. Usimwandike mtu usiyetaka awe meya, hata kama umebakiwa na nafasi. Cuomo na Mamdani ndio wanaotajwa kuwa mbele, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa wabaki hao. Amua ni nani kati yao ungemvumilia zaidi, umweke mahali fulani ndani ya hizo tano, hata wa tano. Usipomvumilia yeyote, waache wote wawili, ni haki yako, ila ujue unajitoa kwenye fainali.

Wagombea wenyewe wanazijua hesabu hizi. Tarehe 13 Mamdani na Lander walitangaza pamoja kwamba kila mmoja anawaomba watu wake wamweke mwenzake wa pili.

Mimi nimeshapiga yangu. Wa kwanza simtaji, gazeti lina wasomaji wa kila upande na mhariri wangu ana presha. Wa pili ni Adrienne Adams. Alichelewa kuingia na fedha zikamfikia zimechelewa, lakini nimemwona kwenye vikao vya bajeti akidai pesa za maktaba na za watoto wadogo zirudishwe, mwaka baada ya mwaka, bila makelele.

*Shangazi, za masiku? Mimi ni Mganda, naendesha teksi ya njano. Kijiweni kwetu Queens kuna kundi linasema Mamdani kazaliwa Kampala, ni mtoto wa nyumbani, asiyempa ni msaliti. Kundi lingine linasema yule ni Mhindi, wetu kwa lipi? Tumefikia kununiana. — Dereva, Jamaica*

Nzuri, mwanangu. Makundi yote mawili nayapa sifuri.

Kazaliwa Kampala kweli, Oktoba 1991. Baba yake, Mahmood Mamdani, ni yule profesa aliyefukuzwa Uganda mwaka 1972 na Idi Amin pamoja na Waasia wengine, akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye akarudi Makerere. Mama yake ni Mira Nair, mtengeneza filamu. Kijana jina lake la kati ni Kwame, la Nkrumah. Wakahamia Cape Town akiwa na miaka mitano, New York akiwa na saba. Uraia wa Marekani kaupata 2018, kama wengi wenu hapo kijiweni.

Kwa hiyo anayesema "Mhindi, wetu kwa lipi" anarudia maneno ya Amin, labda bila kujua. Mimi nimezaliwa Tanga, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bohora, na mama yangu alipoumwa yeye ndiye aliyetoa gari usiku. Hayo ya nani mwenyeji tumeshayalipia vya kutosha kule, msiyasafirishe mpaka Jamaica Avenue.

Na anayesema mtoto wa nyumbani lazima apewe, naye anatuletea siasa ya ukoo. Kampala haitakupunguzia bima ya gari. Wewe dereva una kipimo chako mwenyewe. Mnakumbuka medalioni, kile kibali cha teksi ya njano, ilivyofika dola milioni moja mwaka 2014, kisha bei ikaanguka, na wenzenu wakabaki na madeni ambayo hata watoto wao wasingeyamaliza. Mwaka 2021 madereva walikaa nje ya ofisi za jiji wakadai wapunguziwe, mwishoni wakafunga kula siku 15. Mamdani alikuwa mbunge mgeni kabisa, akafunga nao. Mkataba uliopatikana Novemba ulishusha mkopo hadi dola 170,000 na malipo yasizidi dola 1,122 kwa mwezi, jiji likiwa mdhamini. Hakuufanya yeye peke yake, hilo tusizidishe. Kulikuwa na chama chenu cha madereva kilichoanza kupigana miaka kabla yake, na seneta Schumer alitia mkono. Lakini alikuwepo, na hakuwa na haja ya kuwepo.

Hiyo ndiyo sababu ya kumpa, kama unamtaka. Na kama humtaki, hakikisha sababu yako inatoka kwenye kazi yake, ahadi zake au umri wake. Kijiweni waambie hivyo, halafu mnunuliane chai.

*Mamdani anasema atagandisha kodi na mabasi yatakuwa bure. Meya ana uwezo huo kweli, au ni maneno ya kampeni? Mimi kodi yangu imepanda kila mkataba. — Mpangaji, Highbridge*

Swali hili ndilo nililokuwa nalisubiri, maana kila mgombea anaahidi na ni wachache wanaouliza kitasa kiko mkononi mwa nani.

Kodi kwanza. Jiji lina nyumba za kupanga kama milioni moja ambazo kodi yake inadhibitiwa. Nyongeza inapangwa kila mwaka na bodi ya watu tisa, na wote tisa wanateuliwa na meya. Kwa hiyo hapa meya ana mkono, tena mrefu. Bodi ya enzi za meya Bill de Blasio iliweka sifuri kwa mikataba ya mwaka mmoja mara tatu, 2015, 2016 na 2020. Bodi ya Eric Adams imepandisha kila mwaka: 3.25 kwa mia, kisha 3, kisha 2.75, na mwishoni mwa mwezi huu inapiga kura tena. Ahadi ya kugandisha inawezekana, ina mfano.

Wenye nyumba wanasema mabomba ya majengo ya mwaka 1920 hayagandi bei, na kwamba tangu sheria ya 2019 iliyobana nyongeza ya kodi baada ya ukarabati, nyumba nyingine zinafungwa tupu kwa sababu ukarabati haulipi. Wengine wanalia kwa mazoea, wengine wanasema kweli. Jengo langu mwenyewe boila imekufa baridi hii mara mbili, na sijui kama mwenye nyumba hana pesa au hana haya. Atakayegandisha kodi itabidi aseme boila inatengenezwa na nani. Na ujue kugandisha kunawahusu walio kwenye hizo nyumba milioni moja tu. Kama hujui kama yako imo, idara ya nyumba ya jimbo inatoa historia ya kodi ya nyumba yako bila malipo. Iombe. Nimeona watu hapa Concourse wakigundua kwamba walikuwa wanatozwa kuliko inavyoruhusiwa. Asiye kwenye udhibiti atazame mipango ya kujenga, na hapo msikilize Myrie, na Lander pia.

Mabasi ni hadithi nyingine. Wewe wa Highbridge unalijua basi la Bx18. Tangu Septemba 2023 hadi mwisho wa Agosti 2024 lilikuwa bure, pamoja na njia moja katika kila wilaya nyingine ya jiji, na Mamdani ni mmoja wa waliolipigania bungeni. Nililipanda. Mlango wa nyuma na wa mbele watu wanaingia, kina mama na vigari vya watoto hawasimami kutafuta kadi, dereva hagombani na mtu. Abiria waliongezeka kwenye njia zote tano. Kisha fedha hazikutengwa tena, na tukarudi kwenye dola 2.90.

Lakini MTA, linaloendesha mabasi na treni, ni shirika la jimbo, mkuu wake anapendekezwa na gavana. Meya anaweza kuomba, kusukuma, kutoa fedha za jiji, lakini hawezi kuamka Jumatatu akasema bure. Hata kodi ya matajiri anayotaka kulipia mambo hayo na malezi ya watoto wachanga lazima ipite Albany, na gavana Hochul ameshasema hataki kupandisha kodi ya mapato. Hapa ndipo wafuasi wa Cuomo wanaposema mtu wao anajua kufungua milango ile. Jibu la wapinzani wao ni kwamba miaka aliyokuwa na funguo zote, ndiyo miaka treni za chini ya ardhi ziliharibika mpaka yeye mwenyewe, mwaka 2017, akatangaza hali ya dharura.

Polisi, shule, takataka, vibali, wakaguzi wa majengo, hizo teuzi za bodi: huko ndiko meya anakoshika. Ukimsikiliza mgombea, pima anatumia muda gani kuzungumzia vilivyo mkononi mwake.

*Nina grini kadi, nalipa kodi, nimekaa hapa muda mrefu. Rafiki ananiambia New York wasio raia wanaruhusiwa kupiga kura ya meya. — Msomaji wa Staten Island*

HAPANA. Usiende.

Baraza la jiji lilipitisha sheria hiyo kweli, ingewahusu watu kama 800,000, lakini haijawahi kutumika hata siku moja. Mahakama ya juu ya jimbo iliifuta kabisa tarehe 20 Machi mwaka huu, majaji sita kwa mmoja. Asiye raia akipiga kura anaweza kushtakiwa, kunyimwa uraia na kurudishwa kwao, na kusema "niliambiwa na rafiki" hakumsaidii. Ukiwa kwenye ofisi ya leseni za udereva ukapewa fomu yenye kisanduku cha kujiandikisha kupiga kura, usikitie alama. Kama uliwahi kujiandikisha kwa bahati mbaya, tafuta wakili wa uhamiaji kabla hujapeleka fomu yoyote ya uraia. Unachoruhusiwa ni kuwasukuma wenye kura: mpeleke jirani kituoni, mbebee mtoto.

*Shangazi, sisi huku Dar meya anachaguliwa na madiwani. Inakuwaje huko mchujo wa chama kimoja uwe habari ya dunia? — Msomaji wa Temeke*

Kwa sababu hapa wanachama wa Democratic ni kama mara sita ya wale wa Republican, na kwa kawaida anayeshinda mchujo ameshamaliza kazi. Kwa kawaida, siyo lazima. Mameya wa zamani Giuliani na Bloomberg wote waliingia kwa tiketi ya Republican. Mwaka huu kuna vumbi zaidi: Eric Adams alijitoa kwenye mchujo tarehe 3 Aprili, siku moja baada ya jaji kuifuta kesi yake ya rushwa, na atasimama kivyake Novemba. Republican wana Curtis Sliwa, hana mpinzani. Na Cuomo naye ameshajiwekea nafasi ya kugombea kwa tiketi nyingine. Kwa hiyo wa Jumanne anaweza kushinda halafu akakutana na aliyemshinda tena mwezi wa kumi na moja. Na hao wote wanaochagua ni wapiga kura wa kawaida, mpishi, mwalimu, yule wa duka la kona. Diwani hana kura kubwa kuliko yangu.

*Mimi ni raia lakini sijajiandikisha chama chochote. Naweza kupiga Jumanne? — Brooklyn*

Huwezi. Mwisho wa kubadili ulikuwa 14 Februari. Tukutane 4 Novemba, na ukitaka chama jiandikishe sasa hivi, usisubiri mwaka mwingine kama huu.

*Nimeharibu. Kura za mapema, nimewajazia watu wawili nafasi ya pili kwa kalamu. Nikaogopa nikaondoka na karatasi mkobani! Nimepoteza haki yangu? — Mwenye Aibu, Parkchester*

Huenda hujapoteza, kwa kuwa haikuingia kwenye mashine, ila hilo siwezi kukuahidi. Rudi ukaulize, hata Jumanne, vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku, lakini angalia kwanza kituo chako, maana cha mapema na cha siku yenyewe mara nyingi ni tofauti. Waeleze wasimamizi kilichotokea na uwarudishie hiyo karatasi. Ukikosea, unaruhusiwa kubadilishiwa, karatasi tatu kwa jumla. Na usipoelewa kitu unaweza kuingia na mtu wa kukusaidia, mwanao au jirani, mtu yeyote isipokuwa mwajiri wako au kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Kagua safu moja moja kabla ya kuilisha mashine, kwa sababu ikishaimeza hairudi.